Klabu ya Kumpeleka Halo

Daktari wa masikio hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Aliibandika picha ya kichwa cha mgonjwa wake kwenye ubao wenye taa, akaweka ncha ya kalamu kwenye doa jeupe lililokaa ndani ya sikio la kulia, akasema, "Uvimbe huu tukiuacha, utasukuma ubongo mpaka umuue. Tukiutoa, mshipa wa kusikia unaondoka nao. Njia ya katikati haipo. Ingekuwepo ningewapa."

Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kufa zamani, kwa uvimbe wa aina hiyo hiyo. Kwa hiyo wote watatu mle chumbani walielewa maana yake: Jumatatu ya wiki itakayofuata, mwanamke huyu angeingia chumba cha upasuaji anasikia, akitoka, kama atatoka, hasikii tena chochote.

"Hakuna kifaa cha kuweka?" aliuliza mumewe, ambaye alikuwa fundi bomba na aliamini kila kitu kina kipuri.

"Kifaa kinapeleka habari kwenye mshipa," daktari akamjibu taratibu. "Mshipa ukiwa haupo, kinampelekea nani?"

Mgonjwa mwenyewe akacheka, cheko kavu. "Basi ndiyo hivyo. Sikio la kufa halisikii dawa."

Watu walimwita Halo. Alikuwa mpokea simu wa kampuni moja ya bima, na kwa miaka mingi neno hilo lilikuwa linamtoka kwa namna yake, limevutwa mwishoni kidogo, kiasi kwamba wateja walilizoea kuliko jina lake. Alikuwa akimjua mtu kwa pumzi tu, kabla hajataja anatafuta nani. Hata mumewe alishasahau kumwita kwa jina la vyeti. Yeye, kwa upande wake, alimwita mumewe Fundi, kwanza kwa utani, halafu kwa mazoea, na siku hizi kwa mapenzi.

Jioni ile walikaa jikoni, chai inapoa, hakuna aliyeigusa. Halo akasema:

"Jumamosi nataka kutoka. Nataka kukaa kwenye klabu ya jazi, nisikilize mpaka nishibe. Wewe utachagua klabu."

"Mimi?" Fundi alishtuka. "Mimi najua nini kuhusu jazi?"

"Hujui kitu. Ndiyo maana."

"Halo, usinifanyie hivyo. Wewe ndiye unayejua nani anapiga nini, nani ameharibika, nani bado yumo."

"Nikichagua mimi nitazitaka zote, nitaishia kulia nyumbani bila kwenda hata moja. Chagua wewe. Mimi kazi yangu iwe kuvaa tu."

Halo alikuwa mtoto wa mpiga besi, lile besi kubwa la kusimama, linalompita mtu kimo. Utotoni alilala juu ya makoti ya wanamuziki wakati baba yake akifanya mazoezi, na mpaka baba huyo alipofariki hapakuwa na Jumapili waliyokaa pamoja bila sahani ya santuri kuzunguka. Fundi alimwoa na muziki wake, kama mtu anavyooa mwanamke na shangazi zake. Alivumilia. Kwake yeye jazi ilikuwa watu watano waliopotea njia, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Na sasa mtu huyo huyo ndiye aliyetakiwa achague muziki wa mwisho ambao mkewe angeusikia duniani.

Usiku ule hakupata usingizi. Alilala chali akiwaza: nikikosea, hakuna kurudia. Bomba likivuja unafunga maji, unafungua, unaanza upya. Hili utalifungaje?

Kesho yake akaanza kuuliza watu. Aliwauliza wateja akiwa amelala chini ya sinki zao, kichwa hakionekani, miguu tu nje. "Samahani, mama, unajua klabu nzuri ya jazi?" Wengine walidhani anatania. Aliwauliza madereva wa teksi, akamuuliza muuza magazeti, akamuuliza mtu aliyekuwa amebeba gitaa barabarani, kumbe gitaa lenyewe anampelekea mtu. Kila mmoja alikuwa na klabu yake, na kila mmoja aliziponda za wenzake.

Mwisho zikabaki tatu. Ya kwanza iliitwa Paa, ilikuwa juu kabisa ya hoteli kubwa. Alikwenda kuiona mchana na mfuko wake wa vifaa begani. Vitambaa vyeupe mezani, madirisha makubwa, mji wote chini. Meneja akamweleza kwa fahari kwamba bendi yao haisumbui mtu: "Wateja wetu wanaongea biashara bila kupandisha sauti." Fundi akashuka akiwa na mashaka. Ya pili iliitwa Shimo, ilikuwa chini ya ardhi, nyuma ya duka la magodoro. Huko alikuta watu wanajaribu vyombo, na gitaa la umeme likamtikisa meno. Akapanda ngazi mbio. Ya tatu ilikuwa Sebule, klabu kongwe, ambako baba yake Halo alipiga besi mpaka mikono ilipomkatalia. Hiyo aliiogopa kwa sababu nyingine. Alisimama ng'ambo ya barabara, akautazama mlango, akaondoka.

Akamwendea dada yake Halo, mwanamke mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa na jibu la kila kitu.

"Mpeleke hotelini, shemeji," alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa anakata. "Atakaa kama malkia, atakula vizuri, atapigwa upepo."

"Hataki upepo. Anataka muziki."

"Na kule Sebule atalia. Unataka aingie kwenye kisu macho yamevimba?"

"Shimo je?"

"Shimo! Huyo mtu ana uvimbe kichwani, wewe unampeleka kwenye makelele?" Akaweka mkasi chini, akamtazama vizuri. Fundi hakuwa amenyoa ndevu, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo mshazari. Sauti ya shemeji yake ikalegea. "Shemeji, chagua moja, ulale. Mchagua nazi hupata koroma."

Lakini hakuweza kuchagua. Alhamisi alisahau kukaza kiungo kimoja kwa mteja wake, jiko zima likajaa maji mpaka makabati yakaanza kuvimba. Tangu aanze kazi ile hilo halikuwahi kumtokea. Mteja alifoka, akamwita mbabaishaji, naye alisimama katikati ya maji bila kujitetea, anawaza kama wale wa Sebule wana mpiga tarumbeta au hawana.

Nyumbani Halo alikuwa mtulivu kupita kiasi. Alikaa mkabala naye kila wakati wa chakula, akimtazama usoni kama bibi harusi. Redio iliwaka tangu asubuhi. Ijumaa Fundi alimkuta ameiweka mezani mbele yake, kiganja kimelala juu yake, na akafikiri: anaiaga. Akatoka nje ili asimwone akilia.

Jumamosi asubuhi akapiga moyo konde. Akaipigia simu Sebule.

"Leo jioni kuna muziki?"

"Upo, mzee, tena wa kutosha," kijana wa upande wa pili akajibu.

"Basi tunakuja."

Halo alivaa gauni la buluu lililokuwa linakaa kabatini likisubiri sherehe ya maana. Alijipaka wanja, akavaa hereni, hata upande wa sikio lililokufa. Walikodi teksi. Njiani Fundi aliongea bila kupumua, Halo akawa anaitikia "mm," "ndiyo," "kweli kabisa," jicho kwenye kioo cha mbele ambamo uso wa mumewe ulionekana.

Mbele ya Sebule kulikuwa na maputo ya rangi ya waridi. Mlangoni kulisimama spika mbili ndefu kama makabati, na ndani vijana waliruka kwa disko. Mtu alikuwa amekodi ukumbi wote kwa siku ya kuzaliwa.

"Si mlisema kuna muziki?" Fundi alimfokea kijana wa mlangoni.

"Mzee, huu si muziki?"

 Wiki nzima, na hivi ndivyo alivyochagua! Fundi alimshika Halo mkono. "Samahani. Nisamehe. Twende Paa, hapa si mbali." Halo akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayemkubalia mtoto.

Walitembea haraka, Halo akiwa na viatu vya kisigino, Fundi akimvuta bila kujijua. Hotelini, walipofika kwenye lifti, mtu mwenye suti akawaambia meza zote zimeshikwa, na tena wanaume wasio na tai hawaruhusiwi kupanda.

"Kaka, nakuomba," Fundi alisema, na sauti ikamvunjika. "Mke wangu anafanyiwa upasuaji Jumatatu. Hatasikia tena. Tuweke hata jikoni. Tuweke kwenye ngazi."

Yule mtu alitazama sakafu. "Mzee, ningekuwa mimi mwenye hoteli..."

"Si wewe. Najua. Si wewe."

Aligeuka, akamkuta Halo amekaa kwenye kiti cha ukumbini, ameinamia kisigino, ngozi imechubuka. Hapo ndipo yalipomfika shingoni. Alitamani apige kelele, au apige mtu. Ilibaki Shimo, na Shimo lilimtikisa meno. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Walikwenda Shimo.

Mungu hakuwasahau kabisa: siku hiyo hapakuwa na gitaa la umeme. Palikuwa na piano, ngoma, saksafoni, tarumbeta, na mzee mmoja mwembamba amelikumbatia besi la kusimama. Mhudumu, mama wa makamo mwenye kalamu nywelani, akawapa meza ya mbele kabisa. Taa zikazimwa, ikabaki moja tu ya buluu juu ya jukwaa, na bendi ikaanza.

Fundi alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu siku ile ya daktari. Hata yeye, asiyejua kitu, aliona kwamba hawa hawakupotea njia. Alimtazama Halo. Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, macho jukwaani, hatikisi hata kidole. Fundi akafikiri: ameguswa.

Ndipo kijana mmoja aliyekuwa akipita nyuma yao akateleza, na sinia zima la glasi likaanguka kwenye sakafu ya saruji, sentimita chache tu nyuma ya kiti cha Halo. Ukumbi mzima uliruka. Mpiga tarumbeta alikosea noti. Mama wa meza ya jirani alipiga yowe. Halo hakugeuka. Hakupepesa hata jicho.

 Fundi akamgusa bega. Halo akamgeukia huku akitabasamu.

"Umesikia hizo glasi?"

Halo alikaza macho kwenye midomo yake. "Sema tena. Hapa pana giza."

Fundi alitoa simu, akamulika uso wake mwenyewe kwa mwanga wa kioo.  "Halo. Unasikia muziki?"

Angeweza kudanganya. Fundi alimwona akilifikiria hilo, kisha akaliacha.

"Nasikia ngoma kubwa," alisema. "Tumboni. Basi."

"Tangu lini?"

"Jumatano. Niliamka nikadhani umeme umekatika. Friji kimya, barabara kimya. Nikakuona midomo inakwenda. Kuisoma nilianza zamani, tangu sikio la kwanza lilipokufa."

"Na ile redio?"

"Nilikuwa nakuwashia wewe."

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi alikuwa anapiga kelele sasa, na watu wa meza ya jirani walikuwa wanamtazama, naye hakujali. "Nimezunguka mji mzima kama mwehu! Nimegombana na watu! Nimekuvuta na kisigino chako barabarani!"

"Ningekuambia ungekaa nyumbani kunitazama kama maiti," Halo alisema. Hakuwa anajua sauti yake imepanda au imeshuka. "Ulikuwa na kitu cha kufanya, Fundi. Nilikuona unatoka na kuingia, unauliza watu, unahangaika. Nikasema, huyu nikimnyang'anya hili, ataanguka. Nikakuacha."

Fundi akainuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka chooni, akafungua bomba ili maji yafunike sauti yake, akalia kwa kwikwi, paji la uso kwenye kigae. Alimlilia Halo. Alijililia na yeye. Alililia siku nne ambazo mkewe alikaa peke yake ndani ya ukimya ule, akipika, akisema "kweli kabisa."

Alipotoka, uso umelowa, alisimama kwenye ujia na kumwona kwa mbali. Alikuwa bado anawatazama wapigaji, shingo imesogea mbele, kama mtu aliyefungiwa nje anayechungulia dirishani kwao. Fundi akarudi na kukaa. Akamulika uso wake.

"Twende nyumbani?"

"Sijui wanapiga wimbo gani," Halo alisema. "Hilo ndilo linaloniuma. Naviona vidole, najua ni wa taratibu. Lakini ni upi?"

Fundi alimwita yule mhudumu, akamuuliza wimbo, akamweleza kwa maneno machache hali ilivyo, akaomba meza yenye mwanga. Mama yule alitazama huku na huku. "Yenye mwanga ni moja tu, kaka. Ile ya karibu na choo. Hakuna anayeitaka."

Walihamia hapo. Taa ya ujia iliangukia kwenye uso wa Fundi. Mlango wa choo ulifunguliwa na kufungwa, harufu ya sabuni ikaja na kuondoka, na jukwaa likaonekana kwa ubavu.

"Wimbo unaitwa Kesho Ukipita," Fundi alisema, akitamka kila silabi.

Uso wa Halo ukafunguka. "Naujua! Wako wapi sasa?"

"Wako wapi maana yake nini?"

"Nani anaongea?"

Fundi alisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alisikiliza kwa nguvu, kama anavyotega sikio ukutani kutafuta bomba lililopasuka. "Piano. Anadondosha. Tone, tone, halafu ananyamaza. Halafu tone."

"Na tarumbeta?"

"Amebandika kifuniko mdomoni mwa tarumbeta. Sauti inapita kama maji kwenye bomba jembamba. Presha ipo, lakini hayataki kumwagika."

"Saksafoni?"

"Analalamika chini chini. Kama dada yako."

Halo akapasuka kwa kicheko kikubwa, kicheko cha mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, na ukumbi ukageuka. Mpiga saksafoni akatabasamu bila kutoa chombo mdomoni.

"Sasa?"

"Sasa... sijui. Halo, wanafanya kitu ambacho sina neno lake."

"Tafuta."

"Wote wameacha. Amebaki yule mzee wa besi peke yake. Anatembea. Kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake gizani, hawashi taa, anajua kila kiti kilipo."

Halo akafumba macho, machozi yakavuka wanja. Kisha akayafumbua haraka, kwa kuwa bila macho hakuwa na kitu. "Usiache," alisema. "Endelea."

Akaendelea. Wimbo baada ya wimbo aliendelea, na ukweli ni kwamba hakuendelea vizuri. Maneno yalimwishia. Aliita kila kitu maji, halafu akaita kila kitu upepo, akarudia ya mwanzo, akababaika, mara mbili alichanganya saksafoni na tarumbeta na Halo akamkosoa kwa kutazama vidole tu. Koo lilimkauka. Kuna wimbo mmoja alishindwa kabisa, akakaa akifungua na kufunga mdomo, na Halo akatazama mdomo ule mtupu kwa macho ya mtu anayezama. Fundi hajawahi kujiona fukara kama dakika ile.

Walirudi kwa miguu, viatu vya Halo mkononi. Walizungumza chini ya taa za barabarani tu. Kati ya taa na taa palikuwa na giza, na hapo walikaa kimya, wakiharakisha kuifikia taa nyingine.

Jumatatu dada yake Halo alikuja hospitali na chupa ya chai. Alipokwisha kuambiwa yote, aliiweka chupa chini. Alikaa na shemeji yake kwenye benchi la ujia, wakitazama mlango wenye taa nyekundu. Kuna wakati manesi wawili walitoka mbio, wakarudi mbio na mifuko ya damu, na hakuna aliyewatazama usoni. Chai ilipoa kwenye chupa. Shemeji alisali. Fundi alijaribu, akajikuta anaapa na kulaani badala ya kuomba, akaacha.

Jua lilikuwa limekwisha kuinama daktari alipotoka, kofia mkononi. "Uvimbe umetoka. Ametupa shida, lakini yupo. Upande mmoja wa uso umelegea. Huenda ukarudi, huenda usirudi. Kuhusu kusikia, nilishawaambia."

Waliruhusiwa kumwona asubuhi yake. Wodi ilikuwa na vitanda vingi, wagonjwa wamefungwa vichwa, wengine wamelala, wengine wanagugumia. Halo alikuwa amefungwa bendeji mpaka nyusi. Jicho la kulia halikufumba sawasawa, na pembe ya mdomo ilikuwa imeshuka. Alipomwona mumewe, alijaribu kutabasamu, nusu ya uso ikakubali, nusu ikakataa.

Fundi alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga usiku kucha. Yote yakapotea. Aliinama juu ya kitanda, akashika chuma cha pembeni, na kwa hofu tu, kwa kutaka sana yamfikie, akapaza sauti kadiri mapafu yalivyoweza:

"Halo! Unanisikia? Niko hapa! Halo!"

Halo aliitazama mishipa ya shingo yake ilivyotutumka. Akatazama vitanda vya kulia na kushoto, ambako watu walikuwa wameanza kuinua vichwa. Kisha, kwa sauti kubwa kuliko ya mumewe, sauti iliyomfanya nesi aje mbio kutoka mwisho wa wodi, akasema:

"Usipige kelele, wewe! Kuna wagonjwa hapa!"